Funueni shuka, mtazame miguu

Nyinyi mnaoanza mafunzo ya vitendo ya tiba ya viungo hapa Nairobi, huenda mgonjwa wenu wa kwanza wa jeraha la ubongo akawa kijana aliyeanguka na bodaboda. Mtakuta watu wote wamekodolea macho picha za kichwa. Nyinyi funueni shuka, mtazame miguu.

Nasema kwa kuwa kosa la kuisahau miguu liliwahi kunipata. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kijana aliyelala wiki tatu bila kujitambua. Magoti na viwiko nilivinyoosha kila siku. Vifundo vya miguu nikavipitia juu juu, wodi imejaa na mimi nina haraka. Alizinduka, akamtambua mamake. Tulipomsimamisha, visigino havikugusa sakafu. Misuli ya mashavu ya miguu ilikuwa imefupika. Jina la mamake lilirudi kwa siku moja. Visigino vilidai miezi ya plasta ngumu za kunyoosha msuli, za kubadilishwa kila baada ya siku kadhaa.

Msuli haunyauki kwa kulala tu. Ubongo ukiumia, mwili hujaa homoni za dhiki na kuanza kuvunja protini ya misuli yake wenyewe. Ndiyo maana majeruhi hawa huhitaji gramu 1.5 hadi 2.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Muulizeni mtaalamu wa lishe kinachopita kwenye mrija wa kulishia. Uji mtupu haufikishi hapo.

Halafu kuna kukakamaa, na hapa wengi huchanganyikiwa. Nyoosheni kiungo polepole, kisha kwa kasi. Kikigoma zaidi mkienda kasi, ni neva: breki ya ubongo kwa uti wa mgongo imelegea. Kikigoma sawasawa kwa mwendo wowote, msuli wenyewe umefupika. Ni matatizo mawili, na mara nyingi hukaa pamoja kwenye mguu mmoja. Msilazimishe. Nyonga au kiwiko kikivimba na kuwa cha moto, acheni, mwiteni daktari. Huenda mfupa unaota ndani ya nyama.

Jamaa wakija saa ya kutazama wagonjwa, waonyesheni wasimwinue kwa kumvuta mkono uliopooza. Bega huchomoka.

Mimi hutembea na utepe wa fundi cherehani, niliununua sokoni Gikomba. Napima paja, sentimita 10 juu ya pia ya goti, siku ya kwanza na kila Jumatatu, nione kama msuli unapungua, naandika kwenye faili.