Kwa nini Nyota ya Kaskazini siioni hapa Dodoma?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi niko Chamwino, kaka yangu yuko London. Anasema huko Nyota ya Kaskazini anaiona kila usiku usio na mawingu, ila Msalaba wa Kusini hajawahi kuuona tangu ahamie. Mimi Msalaba nauona, lakini hiyo nyota yake nimeitafuta mpaka nimechoka. Je, tuna anga mbili?

JIBU: Marahaba. Anga ni moja, ila dunia ni mviringo, na ardhi unayoikanyaga ndiyo inayokuziba.

Nyota ya Kaskazini iko karibu kabisa juu ya ncha ya kaskazini, kwa hiyo kimo chake hufuata latitudo ya anayeitazama. London iko nyuzi 51 na nusu kaskazini. Kaka yako anaikuta juu vilevile. Sisi Dodoma tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, basi kwetu imezama nyuzi 6 chini ya upeo wa macho. Hata upande Mlima Imagi, hutaiona. Msalaba nao, kwa hesabu hiyohiyo, hauchomozi kamwe London. Suheli pia, nyota ya pili kwa mng'ao usiku, inayotusimamia kusini jioni za Februari, huko haionekani. Kilimia na Orioni ni zetu sote, maana haziko mbali sana na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia.

Lakini usimwonee kaka yako wivu! Kukaa karibu na ikweta ni bahati kubwa: karibu anga yote hutupitia kwa mwaka. Subiri katikati ya Mei, mvua zikishakatika, utoke nje ya taa za mji, tuseme upande wa Hombolo, kati ya saa tatu na saa nne usiku. Tazama kusini: Msalaba umesimama wima. Sasa geuka kaskazini. Utaona nyota saba za Dubu Mkubwa, mfano wa upawa uliopinduliwa unaomwaga uji, kifuu kushoto, mpini kulia. Vyote viwili kwa usiku mmoja, kwa kugeuza shingo tu. London huo upawa wanao mwaka mzima, Msalaba hawana.

Chukua nyota mbili za ukingo wa kifuu ulio mbali na mpini, uzifuate kushuka. Mstari utafika kwenye upeo na kuingia ardhini. Humo ndimo ilimo nyota unayoitafuta.

Kisha rudi kwenye Msalaba. Mti wake mrefu uurefushe kwenda chini mara nne na nusu. Utafika kwenye ncha ya kusini ya anga, yaani mahali angani palipo juu ya ncha ya kusini ya dunia. Hapo hakuna nyota angavu, ila nyoosha mkono, bananisha vidole vitatu vya kati na uvilaze juu ya upeo: upana wake ni kama nyuzi 5, na ncha iko juu yake kidogo tu. Hapo utakuwa umepima latitudo ya Dodoma kwa mkono wako.