Kuiga, Majivu na Mlima: Maswali Yenu ya Uchoraji

Mvua imewafungia wengi ndani wiki hizi, na simu yangu inajua. Nimechagua maswali matano. Walioniuliza kuhusu bei ya kuchorewa gari la harusi, huko mimi simo.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Ngaramtoni. Najifunza kwa kunakili picha za wachoraji wakubwa ninazozikuta kwenye simu. Rafiki yangu anasema anayenakili hawi msanii. Ni kweli?*

Marahaba. Rafiki yako ana mtu mzito nyuma yake. Mchoraji Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi, alikuwa akiwaonya vijana wasiige, maana kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Neno hilo lilinitesa miaka mingi, kwa kuwa mimi mwenyewe nilijifunza kwa kunakili. Siku hizi nalisoma hivi: anachokikataa mzee ni ile picha unayoitundika ukutani ikiwa na saini yako huku macho ni ya mtu mwingine. Daftari la mazoezi ni kama jikoni, mgeni haingii.

Tazama alivyofanya Van Gogh, mchoraji wa Uholanzi. Mwishoni mwa 1889, akiwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kule Saint-Rémy, Ufaransa, alianza kuchora upya kazi za Millet, mchoraji Mfaransa, na akafikisha picha zaidi ya 20. Ila alichokuwa nacho mbele yake ni chapa, yaani picha zilizochapishwa, zisizo na rangi, nyeusi na nyeupe tu. Umbo alilichukua kwa Millet, rangi akazitafuta mwenyewe. Zoezi hilo unaliweza kesho. Nenda steshenari, chapisha picha moja kwa wino mweusi, kisha rudi nyumbani uipake rangi bila kuchungulia ya asili kwenye simu. Ukimaliza ndipo ulinganishe. Hapo utagundua kwamba kivuli ulichokiona cheusi yeye alikipaka zambarau, na utaanza kujiuliza kwa nini. Swali hilo ndilo ulilolifuata.

Jambo jingine: usinakili picha nzima. Chukua kipande kama kiganja, mkono ulioshika jembe au kona ya paa, ukae nacho wiki. Na usiishie Ulaya. Sam Ntiro, Mchagga aliyezaliwa 1923, alisoma Makerere na baadaye London, lakini akaendelea kuchora watu wa Kilimanjaro kwa maumbo mepesi. Picha yake ya 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York mwaka 1960. Mbege imefika mbali, jamani. Angalia jinsi anavyopanga watu wengi bila kuhangaika na pua ya kila mmoja.

*Mwalimu, namchora mama yangu kwa rangi za akriliki. Kila nikijaribu ngozi yake inatoka kijivu kama mgonjwa. Nachanganya nyeusi, nyeupe na kahawia. Nakosea wapi? (Mama wa wawili, Usa River)*

Pole, ugonjwa huo niliugua. Picha yangu ya kwanza ya shangazi niliipeleka kwake kwa mbwembwe. Akaitazama, akajitazama mkono, akaniuliza, "Mbona umenipaka majivu?" Nilirudi nayo nyumbani chini ya kwapa.

Kosa liko kwenye hiyo nyeusi na nyeupe. Ukichanganya hizo mbili unapata kijivu, na kijivu hicho kikiingia kwenye kahawia kinaiua. Ifungie tyubu nyeusi kabatini mwezi mzima. Chukua kahawia nzito na bluu ya altramarini, zichanganye mpaka upate giza. Ukizidisha kahawia giza linapata joto, ukizidisha bluu linapoa. Hilo ndilo giza la ngozi. Sehemu zenye damu karibu, kama masikio na ncha ya pua, ongeza nyekundu kidogo.

Sasa mkalishe mama mlangoni asubuhi, mwanga wa nje umpige upande mmoja, halafu finya macho yako mpaka usione kope wala mikunjo. Shavu linalong'aa utaliona lina ubuluu, kwa sababu mwanga wa mlangoni unatoka angani. Ngozi nyeusi inaakisi vizuri sana, kama ngozi ya ngoma iliyopakwa mafuta. Kwa hiyo pale penye mng'ao weka bluu yenye tone la nyeupe, usiweke nyeupe tupu. Kisha tazama chini ya kidevu. Kama amevaa kitenge cha njano, njano hiyo imepanda hadi pale. Wengi huisahau, na ndiyo inayomfanya mtu aonekane amekaa ndani ya chumba badala ya kubandikwa.

Ukipata intaneti, mtafute Kerry James Marshall wa Marekani. Huyo hutumia nyeusi zaidi ya moja, nyingine akizielekeza kwenye bluu na nyingine kwenye kahawia, na watu wake weusi tii wanapumua. Ukishamwelewa, unaweza kuitoa ile tyubu kabatini.

*Kanvasi za dukani zinanishinda bei. Nifanyeje? (Sakina)*

Nunua kitambaa cha marekani, fundi seremala akukatie fremu, kivute na ukipigilie misumari midogo kwa nyuma. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ikikauka paka emalshani nyeupe mara mbili, ukipitisha msasa laini katikati. Kwa mazoezi inatosha kabisa. Edward Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli, na leo jina lake ni jina la mtindo. Angalizo moja: usipake rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta, itabanduka. Na ukitumia thina fungua madirisha, kaa mbali na jiko.

*Nifanye mazoezi saa ngapi kwa siku?*

Dakika 20, kila siku. Ukilimbikiza hadi Jumamosi, mkono unakuwa umeshasahau.

*Mimi ni wa Moshi, eneo la Majengo. Kila mchoraji hapa anachora Kilimanjaro na tembo mbele. Nimechoka, lakini mlima naupenda. Niuache?*

Muache tembo. Mlima baki nao. Mjapani Hokusai, akiwa na miaka 70 hivi, alitoa mfululizo wa chapa za mlima Fuji. Jina lake linataja mandhari 36, lakini zilifika 46. Kwenye nyingi mlima ni mdogo kabisa na watu wanaendelea na shughuli zao. Ninayoipenda mimi ni ya fundi anayechonga pipa kubwa la mbao lililo wazi huku na huku. Yeye yuko ndani yake anahangaika, na Fuji inaonekana kwa mbali kupitia hilo tundu, ndogo kama jino.

Wewe unaishi chini ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, inayojificha mawinguni mchana na kutoka asubuhi na jioni. Kata karatasi ndogo 30, ukubwa wa postikadi. Kila alfajiri chora moja kabla ya chai: Kibo juu ya mabati ya jirani, Kibo nyuma ya kijiwe cha bodaboda, Kibo kati ya nyaya za umeme. Na theluji usiipake nyeupe ya tyubu. Jua likiwa halijapanda, upande wa kivuli ni wa bluu na ule mwingine unaelekea waridi. Zikifika 30 nitumie ile mbaya kuliko zote, tuanzie hapo.