Unataka kuhama moja kwa moja? Anza na jina lako

Kabla hujauliza nchi gani inapokea watu, toa paspoti, cheti cha kuzaliwa na diploma ya Serikali, uvipange mezani, usome jina lako herufi kwa herufi. Sitanii. Nina duka dogo la kuchapa na kufotokopi karibu na njia ya Kasapa hapa Lubumbashi, Kongo, na kwa miaka mingi nimechapa dosie (mafaili ya maombi) za watu wanaotaka kuondoka: wanafunzi, mainjinia wa migodi, akina mama wanaowafuata waume zao, na ndugu zangu wa tumbo moja. Dosie nyingi nilizoziona zikikwama hazikufika hata ubalozini. Zilikwama hapa hapa kwetu, kwenye majina.

Sisi tuna majina matatu: nom (jina kuu), postnom (linalolifuata) na prénom (la Kizungu, kama Joseph). Fomu za wenzetu zina visanduku viwili tu. Tuseme mtu anaitwa Ilunga Kabwe Joseph. Kwenye diploma ni Ilunga Kabwe, Joseph hayupo. Kwenye paspoti Ilunga amekaa peke yake mahali pa jina la ukoo, Kabwe na Joseph wako chini. Barua ya kazi imeandika Ilunga Kabue, kwa u. Sisi wa hapa tunajua ni mtu mmoja, lakini afisa anayefungua dosie hiyo Ottawa au Brussels anaona watu watatu. Wazazi wetu wana shida zaidi: Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kizungu mwaka 1972, watu waliandikishwa bila prénom, halafu miaka ya baadaye wakairudisha midomoni bila kuirudisha kwenye karatasi. Sasa mtoto anaandika baba yake ni Albert, na cheti cha ndoa cha baba hakimjui Albert.

Jambo hili linarekebishika, ila linakula muda. Sheria inataka mtoto aandikishwe komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, ndani ya siku 90. Siku hizo zikipita, cheti kinapatikana kwa hukumu ya mahakama, ile inayoitwa jugement supplétif. Wengi wakishapata hukumu hiyo wanapumua, wanadhani wamemaliza. Bado. Inatakiwa karatasi ya kuonyesha kwamba hakuna aliyekata rufaa, kisha urudi nayo komini ndipo waandike cheti chenyewe. Ukishakipata, hakikisha jina limeandikwa kama lilivyo kwenye paspoti, nukta kwa nukta, hapo hapo dirishani kabla hujaondoka. Mwandishi wa komini akikununia, mwache anune.

Majina yakishakaa sawa, ndipo tuzungumze njia. Nasema njia makusudi, kwa sababu mtu anayeanza na nchi («mimi nataka Kanada tu») hupoteza pesa nyingi kuliko anayeanza na kile alichonacho mkononi. Una mume au mke kule? Una diploma ya chuo kikuu na kazi yenye barua? Una umri gani? Kifaransa chako kikoje unapokiandika, si unapokizungumza? Ukijibu hayo, nchi zenyewe zinabaki mbili au tatu.

Nianze na zile ambazo watu huniuliza kila wiki na ambazo mimi sizitegemei. Bahati nasibu ya Marekani, DV, ilikuwa inatoa viza mpaka 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na kuchaguliwa hakukuwa viza, kwa sababu walikuwa wanachagua watu wengi kuliko nafasi. Desemba 2025 serikali yao ilitangaza kuisimamisha. Kwa hiyo mtu anayekuambia amekuwekea jina lako na tayari «limetoka», huyo mwizi. Upande wa wakimbizi, Wakongomani tulikuwa miongoni mwa waliopelekwa Marekani kwa wingi kupita mataifa mengine, mpaka mpango huo ukasimamishwa Januari 2025. Najua vijana waliovuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kambi ya Meheba huko Zambia wakiamini kambi ni foleni ya ndege. Si foleni. Asiyekimbia kitu hapaswi kukaa kwenye nafasi ya mama aliyekimbia risasi Goma au Bukavu, na tena UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, haiuzi nafasi: huduma zake zote ni bure. Ukiombwa hata dola tano, ondoka.

Masomo? Viza ya mwanafunzi ni viza ya kurudi. Wapo waliobaki kwa kupata kazi baadaye, lakini familia iuze kiwanja cha Kasapa kwa ajili ya minerval (ada ya chuo) ya mwaka mmoja, halafu mwaka wa pili ushindikane? Mimi sitaki kuona dosie hiyo.

Kwa Ubelgiji, mlango unaofanya kazi kwa watu wa kawaida wa kwetu ni familia. Yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, alimfuata mume wake Liège kwa njia hiyo. Jambo lililomchelewesha si mapenzi wala mahari, mahari ililipwa yote mpaka na blanketi la mama mkwe. Ni kwamba ndoa ya kimila haikuwa imeandikishwa komini. Ubelgiji haiangalii picha za sherehe wala video ya mchungaji, inataka akti ya ndoa ya Serikali, tena iliyopitia Mambo ya Nje Kinshasa na kuhakikiwa kwenye ubalozi wao. Mahali ambapo vyeti vya watoto vina mashaka, mara nyingi wanapendekeza kipimo cha DNA, na gharama ni yenu. Kwa hiyo binti anayechumbiwa na mtu wa Bulaya (Ulaya), mimi namwambia: nenda komini wiki hiyo hiyo ya harusi, usingoje mume apande ndege. Baada ya miaka mitano ya kukaa kihalali mtu anaweza kuomba uraia wa kule, kwa masharti ya lugha na kazi.

Sasa Kanada. Hapa nitakaa, kwa sababu ndiyo njia ambayo mtoto wa Lubumbashi asiye na mjomba popote anaweza kuipita kwa jasho lake.

Mfumo wa kuomba ukaaji wa kudumu unaitwa Entrée express. Unajaza wasifu wako kwenye tovuti yao bila kulipa, unapewa pointi, na kila baada ya muda wanaita walio juu ya kiwango fulani. Leki yangu, yaani mdogo wangu, ni fundi umeme mwenye diploma ya uinjinia, anafanya kazi kwa mkandarasi wa mgodi. Kwa njia ya kawaida asingefika. Lakini tangu 2023 wanawaita wazungumzaji wa Kifaransa kwa duru zao peke yao, na kiwango chao ni cha chini sana. Machi 2025 kilishuka mpaka pointi 379, wakati waliofanya kazi ndani ya Kanada walikuwa wanahitaji zaidi ya 500. Kifaransa tulichochapwa viboko darasani ndiyo mali yetu, na wengi hawajui.

Ila usijidanganye kwamba kwa kuwa ulisoma kwa Kifaransa basi mtihani ni wako. Wanataka kiwango cha NCLC 7 (ngazi ya 7 kwenye kipimo cha Kanada cha Kifaransa) katika sehemu zote nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Ukipata 9 kwenye tatu na 6 kwenye moja, umekosa. Kwenye mtihani wa Kifaransa unaoitwa TCF Canada, sehemu ya kusikiliza ina maswali 39 kwa dakika 35, na sauti inapita mara moja tu. Watu wetu wamezoea Kifaransa cha mwalimu na cha redio, si cha mwanamke wa Paris anayebishana na fundi bomba kwenye simu. Kuandika kuna kazi tatu kwa saa moja, na kila kazi ina idadi yake ya maneno. Ya kwanza ni kati ya 60 na 120. Leki aliandika ya kwanza, ya kumwomba radhi rafiki, kama hotuba ya gavana, maneno mia mbili na zaidi, bado hajaanza kuomba radhi. Nilimkalisha dukani baada ya kufunga, simu ikihesabu dakika mbele yake, mpaka akajifunza kumwandikia rafiki wa kubuni kwa sentensi sita na kusimama hapo. «Yaya, hii si Kifaransa, hii ni SMS,» akanilalamikia. Ndiyo, na ndiyo inayolipa. Kwa kuandika na kuzungumza, alama 10 kwa 20 zinatosha kufika NCLC 7. Matokeo yanaishi miaka miwili tu, kwa hiyo usifanye mtihani wakati diploma yako bado haijatathminiwa.

Kutathmini diploma, yaani kuthibitisha inalingana na ipi ya Kanada, ndiko kunakochosha zaidi. Shirika kama WES linataka karatasi za alama za masomo za miaka yote zitoke chuoni kwenyewe, si mkononi mwako. Maana yake utakaa kwenye benchi la sekretarieti ya chuo, utaambiwa bosi ametoka, utaambiwa mhuri umefungiwa. Nenda asubuhi, nenda na nakala zako za zamani ili wasianze kutafuta kwenye makabati, na mfanye rafiki yule anayefanya kazi, si yule mwenye kiti kikubwa.

Halafu umri, ambao watu wanauficha hata mimi nikiwachapia. Kwa mtu asiye na mwenzi, miaka 20 hadi 29 inampa pointi 110. Akifika 35 zinabaki 77, akifika 40 ni 50, na 45 ni sifuri. Mtu wa miaka 33 anayesema «nitaanza mwakani» anauza pointi zake bure. Kuna pointi zinazorudishwa kwa njia nyingine: Kifaransa cha NCLC 7 kinaongeza 25, na ukiwa na Kiingereza cha kadiri, CLB 5 (kipimo chao cha Kiingereza), nyongeza inakuwa 50. Kwa sisi tulio karibu na Zambia, miezi michache kwa shangazi Ndola inaweza kukupa Kiingereza ambacho mtu wa Kinshasa anakilipia darasani.

Jambo moja linalowashangaza wote: Entrée express si ya Québec. Québec ina mfumo wake na masharti yake, na ukijaza Entrée express unasema kwamba unakusudia kuishi nje ya Québec. Kwa hiyo acha kuota Montréal, anza kusoma habari za Moncton, Sudbury, Winnipeg. Kuna Kifaransa huko, na kuna baridi ambayo sitaieleza.

Pesa. Ada ya ukaaji wa kudumu iliyowekwa Aprili 2024 ilikuwa dola 1,525 za Kanada kwa mtu mzima, na alama za vidole dola 85. Hapo hujahesabu mtihani, tathmini, daktari waliomteua wao, na hati ya polisi ya kila nchi uliyoishi miezi sita au zaidi kwa mfululizo katika miaka kumi iliyopita (walioishi Kitwe au Johannesburg, mmesikia). Kubwa zaidi ni pesa za kuonyesha benki: kwa mtu mmoja mwaka 2025 zilikuwa zaidi ya dola 15,000 za Kanada, na zinapanda kwa idadi ya familia. Hizo hulipi mtu, ni zako, lakini lazima ziwe zimekaa kwenye akaunti kwa miezi, si zilizoingia juzi kutoka kwa kaka watatu. Na usikubali karatasi ya benki ya kutengeneza. Wanapiga simu benki. Ukigundulika umedanganya, unafungiwa miaka mitano.

Ndiyo maana siwapendi makomisioneri (madalali) wa viza. Kanada inaruhusu mtu kukuwakilisha kwa malipo ikiwa ni avoka (mwanasheria) aliyesajiliwa kule, notari wa Québec au mshauri aliyesajiliwa na chama chao, na majina yao yako wazi kwenye intaneti. Yule wa Kamalondo mwenye suti na paspoti kumi mezani hayumo. Wanaopeleka paspoti kanisani ziombewe siwacheki, mama yangu alifanya hivyo hivyo, lakini alifanya baada ya leki kurudisha jina lake mahali pake.

Na kabla ya kuapa kwa bendera ya watu, fahamu hili. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangamani na mwingine. Ukichukua uraia wa Ubelgiji au Kanada, kwa sheria umeuacha wa hapa, hata kama paspoti ya zamani bado iko kabatini. Na sheria ya ardhi ya 1973 inaweka hati ya milele ya kiwanja kwa Mkongomani peke yake. Mgeni anapewa ya muda. Ukaaji wa kudumu hauna shida hiyo: unabaki Mkongomani, unafanya kazi, watoto wanasoma, mradi uwe umeishi kule siku 730 katika kila miaka mitano. Leki yangu amebaki kwenye kadi ya ukaaji wa kudumu kwa sasa. Ana kiwanja Kampemba chenye hati ya jina lake, na hajaamua nani katika familia ataandikiwa siku akitaka kuapa.