Upepo haumomonyoi, upepo unapeta

Swali limetoka kwa mwalimu kijana wa jiografia huko Newala: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha namna upepo na barafu zinavyobadilisha sura ya nchi, wanafunzi wangu wengi wameandika 'upepo na barafu husababisha mmomonyoko wa udongo'. Je ni Kiswahili sahihi? Na ile barafu inayotembea mlimani niiite theluji au mlima wa barafu?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la pili maana ni fupi. Theluji ni ile laini inayodondoka toka mawinguni. Ikirundikana miaka na miaka inajikandamiza yenyewe mpaka inakuwa barafu ngumu, na uzito ukizidi inaanza kuteremka pole pole, hiyo ndo barafuto, yani barafu na mto vimeunganishwa. Ukisema mto wa barafu uko sawa pia. Mlima wa barafu hapana, mlima hauteremki. Theluji tumeitoa kwa Waarabu, barafu kwa Waajemi, na kwa Waajemi neno hilo maana yake ni theluji hiyo hiyo, ila sisi wa pwani tumeshalipa kazi yake, ndo ile inayopondwa pale feri Mtwara wanamwagia samaki. Limeshakaa, liachwe.

Sasa hili la kwanza. Hili "mmomonyoko wa udongo" limekuwa kero kwangu muda mrefu sana, maana watu wamelifanya ndo neno pekee la kila kitu kinachotokea ardhini. Mvua ikikata barabara, mmomonyoko. Bahari ikila ufukwe, mmomonyoko. Mchanga ukihama jangwani, mmomonyoko. Alafu tukimaliza ardhi tunahamia kwenye maadili nayo yanamomonyoka. Lugha yenye vitenzi vingi hivi kwanini tuibane kwenye neno moja?

Tazama neno lenyewe. Momonyoka lina ile -k- ya kitu kinachojiachia: mkate wa jana unamomonyoka mkononi, ukuta wa udongo unamomonyoka ukilowa. Kitu kimelegea, kinaachia kidogo kidogo, na wala huulizi nani kafanya. Kwahiyo kwa udongo uliolowa ni neno zuri mno. Nenda Shimo la Mungu hapo hapo kwenu Newala, simama pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma, maji ya mvua yanachimba, kingo zinalegea zinaachia. Huo ni mmomonyoko na sitaki mtu aniondolee neno hapo.

Ila upepo haulegezi kitu. Upepo unachukua. Na namna unavyochukua, watu wa Lindi wanaijua kuliko kitabu chochote maana wanaiona kila msimu wa ufuta, kusi likivuma. Mama anasimama na ungo, anamwaga ufuta taratibu toka juu, punje zinaanguka miguuni pake, makapi yanaangukia mbele kidogo, vumbi linapotea kabisa. Anapeta. Jangwani ni hivyo hivyo: mawe yanabaki pale pale, mchanga unaruka ruka chini chini, mara nyingi haupandi hata mita 2, na vumbi jembamba linapanda juu linasafiri mpaka linavuka bahari, vumbi la Sahara linafika hadi misitu ya Amazon kule Amerika ya Kusini. Na kwa sababu mchanga unaruka chini chini, unasugua mwamba sehemu ya chini tu, ndo maana jangwani kuna miamba yenye kichwa kikubwa na shingo nyembamba. Kupeta, kupeperusha, kusugua. Vitenzi vitatu vya nyumbani, kila kimoja na kazi yake, alafu mtoto anaandika "husababisha mmomonyoko".

Kinachonichefua zaidi ni hili. Kule Ngorongoro karibu na Olduvai kuna lile rundo la mchanga mweusi, ni majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, limejikunja umbo la mwezi mwandamo, halifiki hata mita 10 kwenda juu, na linatembea. Linatembea kweli, zaidi ya mita 10 kwa mwaka kuelekea magharibi, wamechomeka vibao vya miaka kuonyesha lilikuwa wapi. Upepo unaisukuma punje kwenye mgongo wenye mteremko wa taratibu, inafika ukingoni juu, inaporomoka upande wa pili uliosimama wima zaidi, inayofuata inafanya hivyo hivyo, na zile pembe mbili zimetangulia mbele upepo unakoelekea. Ukishika ule mchanga una chuma, punje zinanatana. Sasa picha ya kitu kama hicho nimeshaiona imeandikwa chini yake "mmomonyoko wa udongo unaosababishwa na upepo". Hapo kimemomonyoka nini? Hakuna kilichopungua! Mchanga umehama, umerundikana, umehama tena. Andika "mchanga unaohama" umemaliza. Na hiyo "unaosababishwa na" ifutwe kabisa, upepo upewe kitenzi chake ufanye kazi wenyewe.

Barafuto ndo imeonewa zaidi, maana yenyewe inakula mwamba, wala haiishii kwenye udongo. Maji yanaingia kwenye nyufa, yanaganda yanashikana na jiwe, barafuto ikisogea inaling'oa. Hayo mawe yaliyoganda tumboni mwake yanaparuza sakafu ya bonde yanaacha michirizi ambayo bado inaonekana barafu ikishaondoka. Kung'oa na kuparuza. Bonde la mto huwa lina umbo la V, barafuto ikipita inalipanua chini linakuwa U, kama Bonde la Teleki kule Mlima Kenya. Kule Norwei zimechimba mabonde ambayo bahari imekuja kuyajaza, moja linaitwa Sognefjord, urefu zaidi ya km 200 na kina zaidi ya mita 1,300. Huo uite mmomonyoko wa udongo? Udongo gani wa mita 1,300? Na ikiyeyuka inatua mzigo wote, mawe makubwa kwa unga wa mawe pamoja bila kuchambua, tofauti kabisa na upepo, inaacha matuta ya kifusi. Hata kwetu Kilimanjaro matuta hayo yapo, ingawa barafu yenyewe ya Kibo zaidi ya 80% ya ile iliyokuwepo mwaka 1912 imeshatoweka.

Kwahiyo sentensi ya wanafunzi wako irekebishwe hivi: "Upepo hupeperusha vumbi, husukuma mchanga na kusugua miamba, barafuto hung'oa na kuparuza miamba, kisha hutua kifusi inapoyeyuka." Ndefu kidogo, ila kila neno linafanya kazi. Mmomonyoko ukitaka ubakize kama jina la mada nzima, najua umeshazoeleka hivyo na siwezi kupigana na kila kichwa cha habari, basi uandike mmomonyoko peke yake. "Wa udongo" kata kwa wino mwekundu, labda kama kweli kilichoondoka ni udongo.