Muulize Fundi wa Baridi: Mbona nyaya zote hizo?

Mwezi huu barua nyingi zimegongana mlangoni zikiuliza jambo moja, nyaya za kompyuta za kwantamu. Nami sina neno, maana ndizo zilizonila kucha. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kufunga kebo ndani ya majokofu yanayopoza kyubiti, vile vipande vidogo vinavyobeba hesabu ndani ya kompyuta ya kwantamu. Hesabu waliandika wengine, mimi nilishika spana. Basi nitajibu kama mshika spana.

Fundi, ile picha ya kitu kama taa kubwa ya dhahabu inayoning'inia, kompyuta yenyewe iko wapi hapo? (Msomaji mpya)

Umeitazama ukaipita. Iko chini kabisa, ndani ya kopo la chuma, chipu inayoenea kwenye kiganja. Ulichokisifia ni jokofu lililovuliwa koti, pamoja na nyaya. Kila sahani unayoiona ina baridi yake: ile ya juu iko karibu kelvini 50 (kelvini 0 ndiyo baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi), inayofuata 4, kisha tunashuka chini ya 1, na sahani ya mwisho ina kelvini 0.01 au 0.02. Hapo ndipo kyubiti hukaa.

Waya ni waya tu. Hata zikiwa elfu mbili, si watengeneze jokofu kubwa zaidi? (Mbishi wa siku zote)

Karibu tena, mbishi. Mwaka 1853 Wiedemann na Franz waligundua kwamba chuma kinachopitisha umeme vizuri hupitisha joto vizuri pia. Kila waya unaoshuka kwenye jokofu ni mfereji wa joto kutoka chumbani. Sahani ya chini ya jokofu la kawaida la maabara, ikiwa kwenye kelvini 0.02, ina uwezo wa kuondoa maikrowati 20 hivi za joto. Hizo ni sehemu 20 za milioni za wati moja. Ndiyo maana juu tunafunga kebo za chuma kisichoshika kutu au za shaba iliyochanganywa na nikeli, na chini ya kelvini 4 tunatumia niobi na titani, mchanganyiko ambao kwenye baridi hiyo hupoteza ukinzani wote wa umeme huku ukipitisha joto kwa shida.

Halafu kuna kelele. Kwenye mawimbi ya gigahezi 5, yale tunayoongozea kyubiti, joto la chumba peke yake husukuma fotoni (punje za mawimbi) zaidi ya elfu moja za fujo ndani ya waya, na kyubiti moja inavurugwa na fotoni moja tu. Kwa hiyo katika kila ngazi tunafunga vipunguza nguvu, ambavyo kwa jumla hupunguza mawimbi mara milioni hivi. Hesabu sasa: kebo, kipunguza nguvu, kiunganishi, kebo, kipunguza nguvu, kiunganishi, hadi chini. Huo ni mstari mmoja, na kyubiti moja huenda ikataka miwili.

IBM walipotoa chipu ya Condor yenye kyubiti 1,121 mwaka 2023, ndani ya jokofu moja kulikuwa na zaidi ya maili moja ya nyaya, tena za ukanda mwembamba uliobanwa, si kebo za mviringo nilizozizoea mimi. Jokofu kubwa lipo. Lakini wanaotaka kuvunja ufunguo wa RSA wa biti 2,048, aina ya kufuli linalolinda siri mtandaoni, wanazungumzia kyubiti karibu milioni moja, kwa makadirio ya mtafiti wa Google, Craig Gidney, ya mwaka 2025. Hilo jokofu niambie utaliweka wapi.

Shikamoo fundi. Mimi natengeneza kompyuta za kawaida. Kibodi ina vitufe zaidi ya mia, lakini ukiifungua unakuta njia ishirini na kitu tu: za safu na za nguzo. Mbona kyubiti hazifungwi hivyo? (Fundi mwenzio)

Marahaba, fundi mwenzangu. Hili ndilo swali la mwezi, na umelipata mahali penyewe. Kwa safu na nguzo, kyubiti milioni moja zingetaka njia 1,000 za kulala na 1,000 za kusimama. Elfu mbili badala ya milioni. Nani asiyetaka?

Wewe mwenyewe unajua kasoro ya kibodi ya bei rahisi. Bonyeza vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili, na cha nne kinajitokeza kama kimebonyezwa na jini. Umeme umepita njia ya mzunguko. Kwa kyubiti jini huyo ni mkorofi zaidi, lakini si yeye anayenikosesha usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba kyubiti hazifanani.

Kitufe ni kitufe. Transista kwenye kumbukumbu ya kompyuta ikipewa volti iliyozidi kidogo, bado itasoma 1. Kyubiti haina huruma hiyo. Chukua ile aina ya transimoni, kyubiti iliyoundwa kwa saketi ndogo ya umeme isiyo na ukinzani: moyo wake ni utando wa oksidi ya alumini wenye unene wa nanomita moja au mbili, uliobanwa kati ya vipande viwili vya alumini. Utando ukizidi unene kwa atomi chache tu, masafa ya kyubiti yanahama. Unatengeneza mbili ubavu kwa ubavu, siku moja, kwa mkono mmoja, na zinatoka kila moja na tabia yake. Pigo la mawimbi la nanosekunde 25 linaloigeuza hii nusu mzunguko barabara, kwa jirani yake linapitiliza au linapungua. Na kosa la asilimia moja halifutiki lenyewe kama kwenye transista. Linabaki pale na kulimbikizana.

Kwa hiyo kila kyubiti ilipewa waya wake kwa sababu kila moja ilitaka kubembelezwa kivyake. Ukiwauliza wahandisi, wengi watakwambia tatizo ni wingi wa nyaya. Mimi nasema nyaya ni dalili. Ugonjwa ni kutofanana.

Angalia mahali ambapo kushirikiana kumefaulu. Kusoma kyubiti, kwa mfano, ni jambo lililotatuliwa zamani: kila moja inapewa kinasa chake chenye masafa yake, kisha kadhaa zinaning'inizwa kwenye mstari mmoja, kama vituo vya redio kwenye antena moja. Chipu ya Google ya Sycamore ya mwaka 2019 ilisoma kyubiti sita kwa mstari mmoja. Hapo kutofanana ndiko kulikosaidia! Wenzetu wa Delft, Uholanzi, nao wameonyesha nukta 16 za kwantamu (vijishimo vya kunasia chaji, navyo hutumika kama kyubiti) kwenye gerimani, elementi jamaa ya silikoni, zikiendeshwa kwa njia za pamoja, mtindo wako wa kibodi kabisa. Kazi kubwa ilikuwa kuzifanya nukta zote 16 zikubali volti zilezile.

Ninayoipenda zaidi ni ya upande wa ayoni, yaani kyubiti za atomi zenye chaji. Mwaka 2023 Malinowski, Allcock na Ballance walichapisha mpango wa kuendesha kyubiti 1,000 za ayoni kwa vyanzo vya mawimbi kama 200 tu. Ayoni zinasogezwa kwa elektrodi, na wao wamezigawa kazi. Msukumo mkubwa unatoka kwenye waya wa pamoja, na swichi zilizo kwenye chipu yenyewe zinaamua nani ausikie. Yale marekebisho madogo ya kila mahali yanapelekwa moja baada ya jingine, kila volti inahifadhiwa na kapasita yake, kisha waya unaenda kumhudumia mwingine. Hawakujifanya kwamba zinafanana. Walitenga lililo la wote na lililo la kila mmoja, na la kila mmoja wakalipeleka polepole. Bei yake ni muda, maana waya wa pamoja una foleni. Ayoni wanavumilia foleni. Transimoni, ambayo kwa kawaida hupoteza kumbukumbu ndani ya mikrosekunde mia chache, haivumilii sana.

Kwa nini wasiweke mitambo ya kuongozea ndani ya jokofu, au watumie faiba badala ya shaba? (Mwanafunzi wa fizikia)

Yote mawili yamefanyika. Desemba 2019 Intel ilitangaza Horse Ridge, chipu ya kuongoza kyubiti iliyobuniwa pamoja na QuTech, taasisi ya utafiti ya Delft, ili ifanye kazi karibu na kelvini 4. Huko juu jokofu lina nguvu zaidi, wati moja au mbili. Lakini piga hesabu: ukitumia miliwati 2 kwa kila kyubiti, elfu moja zimekumalizia bajeti yote.

Faiba nayo, NIST, taasisi ya viwango na vipimo ya Marekani, walionyesha mwaka 2021 kwamba mwanga unaweza kushuka hadi chini, ukageuzwa na fotodayodi (kifaa kinachobadili mwanga kuwa umeme) kuwa maikrowevu, ukaongoza kyubiti. Uzi wa kioo haupitishi joto la maana. Ila mwanga wenyewe ukitua kwenye fotodayodi unageuka joto, kwa hiyo unalipa kila unapotoa amri. Tena ukimpa kila mtu faiba yake, umebadilisha ngozi ya waya, idadi iko palepale.

Zile kebo zimepindwa pindwa kama chemchemi. Ni urembo? (Binti wa darasa la saba)

Hapana, mwanangu, ingawa mimi nilijitahidi zipendeze. Mita moja ya shaba ikipozwa kutoka joto la chumba hadi kelvini 4 inafupika kwa milimita tatu hivi. Kebo iliyonyooka ingejing'oa. Pindo linaipa nafasi ya kujikunja.

Na viunganishi hufupika pia. Siku moja nilifunga mistari 24, nikaipima yote kwenye joto la chumba, ikawa safi. Tukapoza siku mbili. Mstari wa 17 ukawa kimya. Tukapasha jokofu upya, tukalifungua, na nikakuta kiunganishi kimoja kwenye sahani ya kelvini 4 nilichokikaza kwa vidole tu, kwa sababu niliitwa kwenye simu kabla sijachukua spana ile inayolia "tak" ikifika kipimo. Karibu wiki nzima ilipotea, na mkuu wangu hakusema kitu, ambalo lilikuwa baya zaidi. Tangu siku ile kila kiunganishi kilicholia "tak" nilikichora alama ya kalamu nyekundu, na simu nikaiacha nje ya mlango.