Jibu: Wakili anaweza kuwa jaji bila kupitia uhakimu?

Anaweza, dada. Umeuliza kama ni lazima binti yako aanzie kwenye uhakimu, yaani kuamua kesi katika mahakama za chini, ndipo afikirie ujaji. Hapa Kenya si lazima. Katiba, kifungu cha 166, inataka uzoefu wa miaka 10 kwa Mahakama Kuu na 15 kwa Mahakama ya Juu, na miaka ya uwakili inahesabiwa sawa na ya uhakimu.

Mtazame Martha Koome. Alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986, akafanya uwakili na kutetea haki za wanawake, kisha 2003 akateuliwa jaji wa Mahakama Kuu. Shahada ya uzamili aliipata London mwaka 2010, tayari akiwa jaji! Mahakama ya Rufaa 2012, na Mei 2021 akaapishwa Jaji Mkuu, mwanamke wa kwanza.

Kazi ngumu ni usaili wa Tume ya Huduma za Mahakama. Ule wa Jaji Mkuu ulirushwa moja kwa moja kwenye runinga: unakaa peke yako mbele ya makamishna, unahojiwa kwa saa kadhaa, hata hukumu zako za zamani zinafukuliwa. Kwa hiyo aanze mapema kutunza faili za kesi zake.