Kurimiksi disko ya zamani bila kuua mwendo wake

Weka wimbo wa disko wa mwaka 1977 katikati ya nyimbo za leo, utasikia mambo mawili papo hapo: sauti za chini (besi na kishindo cha ngoma) ni nyepesi, na biti haitulii mahali pamoja. La kwanza ni upungufu na lina dawa. La pili si ugonjwa. Mpiga ngoma anakaza mwendo kidogo akikaribia kiitikio, anaulegeza akitoka, na huko kusogea ndiko kunakowainua watu vitini. Rimiksi nyingi, yaani matoleo mapya yanayotengenezwa kutokana na rekodi ya zamani, huharibika kwa sababu mtengenezaji ameunyoosha wimbo mzima kama anapiga pasi, kisha anashangaa umepoa. Kazi kubwa ya rimiksi ya disko iko chini ya Hz 100 (hezi, kipimo cha wembamba na unene wa sauti; namba ndogo ni sauti nzito) na kwenye mpangilio wa vipande. Kwingine kote gusa kwa mkono mwepesi.

Chanzo kwanza

Tafuta toleo la santuri ya inchi 12, si lile fupi la redio. Matoleo hayo yalitengenezwa kwa ajili ya kumbi za dansi. Mwaka 1976 lebo ya Salsoul iliuza "Ten Percent" ya Double Exposure, iliyorefushwa na DJ Walter Gibbons hadi kupita dakika 9, na ndiyo inayohesabiwa kuwa santuri ya kwanza ya inchi 12 ya wimbo mmoja kuuzwa kwa umma. Ndani ya matoleo ya namna hii kuna sehemu ndefu za ngoma tupu, za besi na ngoma, au gitaa likikwaruza peke yake. Baa 8 (kila baa ni mapigo manne) za ngoma tupu zilizopigwa na mpiga ngoma mwenyewe ni bora kuliko ngoma zozote utakazozichomoa kwa programu.

Fanya kazi na faili la WAV au FLAC, aina zisizopoteza sauti. MP3 ya kbps 128 kwa kawaida imekatwa juu ya kHz 16 hivi, na ukiivuta kubadili kasi, mapengo yaliyofichika yanajitokeza kama mchirizi wa maji kwenye matoazi. Kama unanakili kutoka santuri, safisha mikwaruzo na ile milio ya "tak" kabla ya kubadili kasi. Ukisubiri hadi baadaye, kila "tak" inanyooka kuwa "tsrr" na hakuna programu itakayoitambua tena kuwa ni kelele.

Jambo la ruhusa lijue tangu mwanzo, kwa sababu linaamua njia ya kazi. Kila wimbo una haki mbili tofauti: ya utunzi na ya rekodi. Kuchomoa sauti ya mwimbaji kwa akili mnemba hakuifanyi rekodi kuwa yako, na ile dhana kwamba sekunde chache ni bure haina msingi. Ukiwaita wapigaji wakaipiga besi na vayolini upya, unaondokana na deni la rekodi, ila utunzi unabaki wa mwenyewe na ruhusa yake bado inatakiwa.

Kuufunga wimbo kwenye gridi

Gridi ni mistari ya mapigo iliyo kwenye programu ya muziki. Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Bendi nyingi za disko zilipiga bila mashine ya kuhesabia (metronomu), kwa hiyo wimbo unaoanza BPM 117 (mapigo 117 kwa dakika) unaweza kumalizia 119 au 120. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ukiiacha, kufika dakika ya tatu ngoma zako mpya zitakuwa zimeachana na za zamani kwa zaidi ya pigo zima. Si nyimbo zote ziko hivyo. "I Feel Love" ya Donna Summer, ya mwaka 1977, imejengwa juu ya sinthesaiza ya Moog iliyoendeshwa kwa mapigo ya mashine. "Stayin' Alive" ya Bee Gees, ya mwaka huohuo, ngoma zake ni baa 2 za kanda zilizokatwa, zikaunganishwa ncha kwa ncha na kuzungushwa. Nyimbo za aina hiyo zinahitaji alama chache tu za kuzifunga kwenye gridi.

Kwa wimbo wa bendi, usiiamini BPM inayotolewa na programu yenyewe. Mara nyingi huisoma 118 kama 59, au huanza kuhesabu kwenye noti ya kutangulia badala ya pigo la kwanza. Tafuta mwenyewe kwa sikio pigo la kwanza la baa ya kwanza iliyokamilika, weka alama hapo, kisha ruka hadi baa ya 9, ya 17, ya 25, uweke alama moja moja. Alama ikae kwenye ngoma ya mguu, ile kubwa inayopigwa kwa kanyagio. Gitaa la disko huwa linatangulia kidogo na vayolini huwa zinachelewa, kwa hiyo ukifuata hayo unapotosha kila kitu kinachofuata.

Sasa washa metronomu usikilize katikati ya alama. Kosa la milisekunde 10 liache kama lilivyo. Likifika 20 au 25, utaanza kusikia makofi mawili badala ya moja, "pa-pa", kila pigo la 2 na la 4. Hapo ndipo uongeze alama kwenye baa ya 5. Usiweke alama kila pigo. Zaidi ya kuua mwendo, kufanya hivyo kunabadili kiwango cha mvuto kila nusu sekunde, na noti ndefu za vayolini huanza kutikisika kama sauti inayosikika nyuma ya feni.

Kuna njia ya pili ambayo wengi hawaijaribu: kuacha wimbo ulivyo na kuifanya gridi imfuate mpiga ngoma. Programu kama Ableton Live na Logic Pro zinakuwezesha kuchora kasi inayopanda na kushuka, kisha ngoma zako mpya zinapumua pamoja na zile za zamani. Kwa toleo la kusikiliza nyumbani au garini hii ndiyo njia bora, bila mjadala. Kwa toleo la ukumbini kasi moja bado ina faida, maana DJ anachanganya nyimbo mbili kwa dakika nzima na hapendi moja ianze kumkimbia.

Kasi na ufunguo

Disko nyingi iko kati ya BPM 110 na 130, na dansi ya leo ya mtindo wa house huwa kati ya 120 na 128. Kishawishi ni kuisukuma kila kitu hadi 125. Kabla hujafanya hivyo, msikilize mwimbaji. Mtikisiko wa sauti yake nao unakwenda kasi pamoja na wimbo, na ukizidi asilimia 5 au 6 anaanza kusikika kama mtu mwenye baridi. Kutoka 112 hadi 124 ni karibu asilimia 11; wimbo huo uache kwenye 114 au 115, ukumbi utaupokea vizuri zaidi kuliko ukiukimbiza.

Ukibadili kasi kama santuri inavyozungushwa, ufunguo nao unapanda, lakini sauti inabaki safi kuliko njia nyingine yoyote. Fanya hesabu kabla. Kutoka 118 hadi 125 ni nusu toni moja karibu kamili, kwa hiyo kinanda chako kitakubaliana na wimbo. Kutoka 120 hadi 124 ni senti 57 hivi (senti 100 ni nusu toni moja), yaani katikati ya noti mbili, na hapo besi yoyote mpya utakayoipiga itasikika imepinda hata ukichagua ufunguo sahihi. Dawa ni kupandisha sinthesaiza yenyewe senti hizo 57, si kuushusha wimbo. Hata usipobadili kasi, pima: rekodi nyingi za zamani haziko kwenye noti ya A ya Hz 440, kipimo cha kulinganishia ala, barabara, kwa sababu mashine za kanda hazikuzunguka kwa kasi moja.

Kutenganisha sauti

Programu kama Demucs zinaugawa wimbo katika mafungu manne: sauti za waimbaji, ngoma, besi, na vilivyobaki. Zinasaidia sana, ila zina udhaifu unaoiumiza disko kuliko mitindo mingine, nao ni hai-hati, yale matoazi mawili yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu. Alama kubwa ya ngoma za disko ni ile hai-hati inayofunguka katikati ya pigo na pigo, mtindo uliojengwa na Earl Young, mpiga ngoma wa Philadelphia. Mlio wake na "s" ya mwimbaji viko kwenye eneo moja la sauti, kwa hiyo programu inaligawa eneo hilo vibaya: nusu ya toazi inabaki kwenye fungu la mwimbaji, na fungu la ngoma linatoka na matoazi yenye matundu.

Usiliache fungu la mwimbaji likiwa uchi. Weka hai-hati mpya mahali palepale ilipokuwa ya zamani, nayo itafunika mabaki. Njia nyingine ni kuurudisha wimbo mzima wa asili chini yake, umepunguzwa dB 8 hadi 12 (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti), umekatwa chini ya Hz 200. Sikio linajaza mapengo lenyewe. Na mwangwi wa mwimbaji ukibaki kwenye fungu la vilivyobaki, usihangaike kuufuta kama mwimbaji mwenyewe bado yumo. Mwangwi huo unasikika pale unapomwondoa kabisa, kwa sababu unasikia mzimu wake ukiimba mbali.

Kuijenga upya sehemu ya chini

Ngoma ya mguu ya disko ilizibwa kwa mto au blanketi ndani, ikatoa kishindo kifupi na kikavu. Masikio ya leo yanataka kitu cha Hz 50 hadi 60 chini yake. Kosa la kawaida ni kuweka ngoma mpya juu ya ile ya zamani na kuongeza sauti. Badala ya kunenepa, biti inakonda.

Kuza picha ya sauti hadi uone wimbi moja moja. Katika Hz 60, wimbi moja linachukua milisekunde 17 hivi. Ngoma mpya ikichelewa milisekunde 8 tu, kilima chake kinaangukia kwenye bonde la ile ya zamani, na mbili hizo zinakulana. Isogeze milisekunde moja moja mbele na nyuma huku ukisikiliza zote mbili kwa sauti ya chini. Mahali pa kuisimamisha ni pale ambapo kishindo kinaingia kifuani ghafla bila wewe kuongeza chochote. Jaribu pia kuligeuza wimbi la ngoma mpya juu chini, wakati mwingine hiyo peke yake inamaliza kazi. Na kwa kuwa mpiga ngoma hapigi kila pigo sawasawa, angalia mapigo kadhaa sehemu tofauti za wimbo, usiridhike na moja.

Njia salama zaidi ni kukata fungu la ngoma za zamani chini ya Hz 90 au 100, kwa mteremko wa dB 12 kwa oktavu, ili lile la zamani libaki na mguso na jipya libebe uzito. Besi usiikate hivyo. Gitaa la besi ndilo linaloimba kwenye disko, linaruka oktavu, linajibizana na mwimbaji. Ukilikata chini ya Hz 100 umeondoa mwimbaji wa pili. Amua nani anakaa chini kabisa: ngoma ikishika Hz 50 hadi 60, punguza dB 2 au 3 za besi mahali hapo tu, na kompresa (kifaa cha kushusha sauti chenyewe) inayoongozwa na ngoma ya mguu iishushe besi dB 2 hadi 3, irejee ndani ya milisekunde 100 hadi 120. Kwa BPM 122 pigo moja ni milisekunde 492, kwa hiyo besi inakuwa imesharudi kabla ya hai-hati kufunguka. Ukishusha dB 8 kwenye wimbo mzima, vayolini nazo zinaanza kupumua kwa nguvu, na hakuna kinachoichosha disko haraka kama hicho.

Mpangilio

Tengeneza matoleo mawili. La DJ lianze na baa 16 au 32 za ngoma. Kwa BPM 122, baa 32 ni dakika 1 na sekunde 3. La mtandaoni limlete mwimbaji au kiini cha melodi ndani ya sekunde 15, maana Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30, na msikilizaji asiye na subira ameshaondoka kabla ya hapo. Kwenye sehemu ya kupumzika katikati, ondoa besi kwanza, ngoma baadaye, halafu rudisha besi mwisho. Vayolini za kupanda zitumie mara moja tu. Wimbo wa asili ulizipanga kwa hesabu.

Kumalizia

Masikio ya leo yanapenda uwazi juu, kwa hiyo ongeza dB 1.5 kuanzia kHz 10, na kama vayolini zinakwaruza punguza dB 1 au 2 karibu na kHz 3. Acha kilele kwenye dB −1. Huduma kubwa za mtandaoni husawazisha sauti karibu na LUFS −14 (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti), kwa hiyo kuibana masta, yaani faili la mwisho, hadi −6 hakukuongezei chochote isipokuwa ngoma bapa. −9 au −10 inatosha hata ukumbini.

Mwisho bonyeza mono (kulia na kushoto vikiunganishwa kuwa sauti moja), kwa kuwa kumbi nyingi na simu nyingi zinacheza hivyo. Kila kilicho chini ya Hz 120 kiwe mono tangu kwenye mradi. Vayolini au gitaa likififia ghafla, tafuta chombo cha kutanua sauti kulia na kushoto ulichoweka juu yake, kizime, usikilize tena.